Soko Isiguswe

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Sévère usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri boti, kaa chini, kwa sababu sauti niliyobaki nayo leo haifiki mlangoni. Délice, niinulie mto kidogo. Hapo hapo. Fungueni na dirisha la upande wa juu, nataka kuwasikia hawa wa ndani ya uzio wakigombania viazi, maana saa hii imekuwa yangu na wao tangu mkiwa wadogo. Haya ninawaambia kwa Kiswahili cha kanisa, kile nilichofundishia katekisimu, si kile cha bandarini, ili kesho asitokee mtu wa kusema Mama alitamka hivi akimaanisha vile. Nyumba hii iliwahi kuokolewa na neno moja tu, kwa hiyo maneno ninayaheshimu.

Tuanze na mali, tuimalize, kwa kuwa najua mtu hasikii mawaidha wakati kichwa chake bado kinagawa mabati. Nyumba ya Kimanga pamoja na duka lake la mbele ni ya Sévère, yeye ndiye aliyelihangaikia duka hilo. Shamba la mpunga la Bwegera, lile nililoachiwa na baba yangu, ni la Délice, na asije mjomba yeyote akamwambia kwamba mwanamke harithi shamba. Mimi nililirithi, na mchele wake mmeula nyote na mjomba huyo pia. Mtumbwi wa baba yenu na mashine yake utakuwa wenu wawili, na msiugombanie, kwa sababu mtumbwi ukigombaniwa unaoza ufukweni. Vikwembe vyangu, vitenge na kanga zote, wagawiwe wanawake watakaonilia kwa kweli, Délice atawajua.

Linabaki shamba hili la juu ya Kalundu, na uzio wake, na jiko lake, na hawa mnaowasikia. Najua, Sévère, kwamba yule tajiri wa malori amekuja kukuona, anataka kujenga depo hapa kwa kuwa vita vinachoka na bandari inaanza kuamka. Najua mmekunywa bia pamoja. Sikukasirika. Una watoto wa kusomesha, na wewe si mtu mbaya, una haraka tu, ulizaliwa na haraka, hata mkunga hukumsubiri. Lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu ukitaka kununa, nuna nikiwa bado ninakuona.

Baba yenu Antoine alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa ziwa tangu kwa babu zake, na mimi nilikuwa msichana wa mpunga na matope ambaye hata kuogelea hakujua. Siku moja, Délice akiwa bado ananyonya, alirudi kutoka bandarini na kikapu cha ndagala ambacho ndani hamkuwa na samaki hata mmoja. Wawindaji walikuwa wamemuua mama, nyama wakaila, na mtoto wakamleta Kalundu kutafuta wa kumnunua. Baba yenu akawapa redio yake, redio ambayo mimi nilikuwa naionea wivu, akampokea. Nikamwambia, "Antoine, weye iko na wazimu? Tutamulisha nini huyu?" Akasema tu, "Muangalie mikono." Nikaangalia. Vidole vile vidogo vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa kikapu, na vilipohamia kwenye kikwembe changu havikuachia tena. Nilitembea na watoto wawili, Délice mgongoni na yule kifuani, kuchota maji hivyo, kusonga ugali hivyo, na tulipomwita Candide, jina la ubatizo, padri hakunichekea kwa muda mrefu.

Basi habari ikaenea kama zinavyoenea habari za Uvira. Mtu akimkuta mtoto amefungwa kamba nyuma ya baa, au askari akichoka na mnyama wake, wanasema mpelekeni kwa yule mama wa juu. Baba yenu akajenga uzio, akashona wavu kwa mikono yake ya grisi, akachimba mfereji wa maji kutoka kijitoni, na kabla hatujajiuliza tumeanza kazi gani, tulikuwa tayari tumeizeekea. Nawaambia bila aibu kwamba nimewapenda. Sikuwapenda kuliko ninyi, acheni wivu wa kitoto, ila nimewapenda.

Hapo ndipo nilipopewa lile jina. Kwetu huku mnyama huyu, sokwe wa vitabuni, ni sokomutu, lakini sisi sote ni wavivu wa ulimi, tunalikata jina katikati tunasema soko. Nikawa Mama Soko. Wageni wa mji walikuwa wanapanda mlima mpaka hapa na mifuko yao mitupu, wakiuliza chumvi na sabuni, na baba yenu anawakaribisha ndani ya uzio kwa adabu zote, "Karibuni, soko iko hapa," halafu anajificha jikoni kucheka. Na nilipokuwa nashuka asubuhi kwenda kununua, nilimuaga Candide, "Mama anaenda soko," naye anakaa pale kwenye wavu wa mlango, habanduki mpaka jioni nirudi na ndizi. Majirani walinicheka, eti unamwambia soko kwamba unaenda soko. Wacha wacheke, lakini alielewa, na hakuwahi kuondoka pale kabla sijarudi.

Nipeni maji. Asante.

Sasa tuje kwa jirani yetu, mzee Nsengiyumva, baba yake Fabiola, na ninaomba mtu asigune. Alifika hapa na mke wake na jembe, amekimbia fujo za bondeni, akalima ule mteremko wa mawe ambao hakuna mwingine aliyeutaka. Tulisemezana Kirundi, mimi na yeye, tukafurahi. Halafu msimu mmoja wavu ukafunguka, na hawa wetu wakaingia shambani kwake wakati mahindi yamekomaa, wakala, walichoshindwa kula wakakivunja, na Candide akarudi na sufuria ya mke wake kichwani. Mlicheka sana ninyi. Mzee yule hakucheka, hayo yalikuwa mahindi ya mwaka wake mzima. Alikuja uwanjani kusema, na baba yenu, Mungu amrehemu, akamjibu kwa ule mzaha wake, "Papa Fabiola, zimeenda soko kununua," na watu wakaangua kicheko. Nawe Sévère, kijana wa sekondari, umejaa damu, ukamfuata mpaka njiani ukamwita mkimbizi, ukamwambia arudi alikotoka. Alisimama, akakutazama, akaenda zake. Tangu siku hiyo maji ya mfereji hayakupita tena kwake kuja kwetu, salamu ikafa, na watoto wa pande zote mbili wakakua wakitupiana mawe juu ya uzio.

Vita vya kwanza tuliviona pamoja na baba yenu, tukavimaliza tukiwa hai, na sitaki kuvisema tena. Baada yake tumbo likamshika, dawa hazikuwepo, akaenda. Vya pili vikanikuta mjane. Sévère, uliwavusha watoto wako na dada yako mpaka Kigoma, na mlifanya vizuri, sijawahi kuwalaumu. Mji ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki ambao si wa huku. Walikuja hawa, wakaondoka, wakaja wengine, sikuona faida ya kujifunza majina yao. Wafanyakazi wetu walitawanyika milimani. Nilibaki mimi na sufuria yangu ya uji.

Habari ya siku ile mnaijua, mnapenda kuwasimulia wageni, lakini mnaisimulia nusu. Mnasema Mama aliwazuga askari. Kila nikitaka kuwamalizia nusu iliyobaki, mnakuwa mmeshacheka na kuinuka. Leo hamwinuki.

Askari wale walikuwa wanapora sokoni, wauzaji wakachoka wakafunga meza, mji ukashinda njaa, na komanda wao mwenyewe akakosa cha kula. Asubuhi hiyo akapita barabara kubwa na megafoni, akipaza sauti mpaka huku mlimani nikamsikia: "Soko isiguswe! Mwenye atagusa soko, ataniona!" Na hakuwa mtu wa kutisha bure, maana mmoja wao alikuwa ameshachapwa mbele ya watu kwa ajili ya chumvi. Mchana, ninagawa uji, nikaona kofia zinapanda njia yetu. Aliyetangulia alikuwa kijana mrefu mwenye meno mazuri, na njaa ilikuwa inaonekana shingoni mwake. "Mama," akasema, maana kwao kila nyani ni makako, "utupe makako moja. Moja tu, ile kubwa. Siku mingi hatujakula nyama." Bunduki ikamwelekea Candide. Naye mjinga wangu alikuwa amekaa pale pale mlangoni, amenyoosha mkono nje ya wavu, anadhani mgeni amemletea kitu.

Sina la kujisifu. Sikuwaza lolote, ni mdomo uliowaza peke yake.

"Hapa hapana makako," nikasema. "Hii iko soko."

"Soko iko kule chini, Mama."

"Ile iko soko na hii iko soko. Komanda yenu alisema nini asubuhi?"

Wenzake wakacheka, na mnapofika hapo ninyi nanyi mnacheka, mnadhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Yule mrefu hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini, akasema, "Weye uko mujanja. Tutauliza muntu mwenye si wa kwako. Akisema ingine, tunakula hii, na weye utaona." Akageuza kichwa. Ng'ambo ya uzio, katika mahindi machanga, alikuwa amesimama mzee Nsengiyumva na jembe lake.

Wanangu, nilimwona Candide amekufa. Nilijiona na mimi. Wakamwita, akaja taratibu mpaka kwenye uzio, bila kuliweka jembe chini. Wala hakuhitaji kutuonea ili atumalize. Alihitaji tu kulitamka jina zima, sokomutu, basi, ambalo ni kweli tupu, hakuna padri wala hakimu wa kumlaumu, na mahindi yake yangepona milele. Yule mrefu akamwonyesha kwa mdomo wa bunduki. "Mzee, hii nyama inaitwa namna gani?"

Akamtazama Candide, mwizi wa sufuria ya mke wake. Akanitazama mimi, ambaye hakunisalimia miaka na miaka.

"Soko," akasema.

"Soko gani?"

"Soko tu. Hata mutoto wa huku anajua. Mukitaka, muulize na muntu mwingine kule njiani. Miye niko na kazi."

Yule kijana akabaki anatutazama, mimi na yeye, mimi na yeye. Halafu njaa ikashindwa na fimbo ya komanda. Wakashuka. Candide akaurudisha mkono ndani, amekasirika kwamba hakupewa kitu. Nami nikakaa chini katika uji uliomwagika, nikalia kwa sauti, na nilipoinua macho kumshukuru mzee yule alikuwa ameshaurudia mtaro wake analima, kanipa mgongo.

Nusu mnayoiacha ndiyo hiyo. Ujanja ulikuwa wangu, ndiyo, lakini ujanja wangu pekee ungetupeleka kwenye sufuria. Aliyetuokoa ni mtu ambaye tulimla mahindi tukamcheka. Angekamatwa na uongo ule angepigwa yeye kwanza, na ukoo wa kumlilia hakuwa nao hapa mjini. Kesho yake asubuhi nikasikia maji yanaimba katika mfereji wetu mkavu. Na mchana akatokea msichana na kikapu cha viazi vitamu kichwani, akasema, "Shikamoo Mama, baba amenituma." Huyo ni Fabiola. Siku nilipompata baba yake njiani nikataka kupiga magoti, alinizuia kwa mkono. "Niliulizwa jina," akasema kwa Kirundi, "nikatoa jina." Akapita.

Sasa fikiria hilo, mwanangu Sévère. Wewe ulimpa jina ambalo si lake, mbele ya watu. Yeye siku alipoulizwa jina la vitu vyetu, kati ya mawili aliyokuwa nayo, akachagua lenye uhai. Ninyi mliporudi kutoka Kigoma mlikuta nyumba imesimama na hawa wamenenepa, mkanisifu mimi. Na kwake hujawahi kukanyaga.

Nipumzike kidogo. Msilie, bado nipo.

Sikieni basi ninavyoliacha shamba hili. Siwaachii mligawane na siwaachii mliuze. Funguo za uzio, za jiko na za ghala la viazi ninampa Fabiola. Huyu dada amewalisha hawa wakati mimi ninatetemeka homa, amewaosha vidonda, Candide anamtii kuliko alivyowahi kunitii mimi. Ardhi ibaki na jina la baba yenu, na kazi iwe ya Fabiola, na yeyote atakayetaka kumtoa, awe kwanza amewatoa wote hawa mmoja mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Ule mteremko wa kati, wa kutoka mfereji mpaka kwenye mgomba mkubwa, ambao tuliubishania kwa shefu, mkuu wa mtaa, ni wa mzee Nsengiyumva kuanzia leo. Délice amesikia, katekista amesikia, yuko hapo dirishani. Na tajiri wa malori, mwanangu, mwambie akajenge bondeni, ardhi ni tambarare na malori yake yatafurahi.

Sévère. Nitazame. Sikulazimishi kumpenda mtu. Ninachotaka ni hiki kimoja: nikifumba macho, kabla hujatuma mtu kanisani, kabla hujatafuta mbao, uteremke wewe mwenyewe mpaka kwa mzee yule, uvue kofia, umwite baba, umwombe msamaha wa lile jina, na umkaribishe akae matanga pamoja na ndugu, kwenye mkeka wa ndugu. Jamaa za baba yako wakiuliza ni nani huyo, utatoa jina. Unalijua sasa. Utafanya? Sema nisikie... Haya. Haya, papa yangu. Futa macho.

Jambo lingine. Siku ya kunizika, jiko la uzio liwashwe kama kawaida. Matanga ni ya watu, hawa hawajui matanga, wanajua saa ya uji. Fabiola asije makaburini. Atanizika kwa kuwalisha. Na mkifika siku ya kuganduka, mkamaliza msiba mkanywa, mkumbuke na ndizi kwao, zilizoiva vizuri, msiwape zile mnazozikataa ninyi.

Kuna furaha moja ambayo Mungu amenionyesha kabla sijaenda. Yule mtoto aliyeletwa majuzi kutoka Kalundu, tuliyemwita Itangishaka, hakutaka kula, hakutaka kushikwa, nikasema huyu atanitangulia. Jana Fabiola akanibeba mpaka uzioni. Nikaona Candide amemchukua, amempandisha mgongoni, anatembea naye taratibu, mkono mmoja nyuma ukimshikilia makalio asianguke. Vile vile! Vile vile nilivyokuwa namshikilia Délice. Sikumfundisha, aliiona tu. Nikajua kwamba vita hivi havikuweza kula kila kitu.

Baridi... Nifunikeni miguu.

Mpo nyote? Sévère. Délice. Na Fabiola aje, muiteni, aache sufuria, uji hauungui mara moja. Ndiyo. Kaa hapa, binti yangu, kati yao. Sévère, mpishe. Leteni mikono yenu. Yote. Imana ibahezagire, Mungu awabariki, wanangu. Awape maji yasiyokatika na jirani anayewasalimia asubuhi. Watoto wenu wasijue mlio wa bunduki, waujue wa boti zikiingia. Mlichonitendea kizuri kiwarudie. Kibaya nimekisahau, sikumbuki hata kimoja.

Funguo ziko chini ya mto. Chukua, Fabiola.

Candide, yule mzee wangu wa mlangoni... atakaa pale kwenye wavu. Ataningoja. Msimfukuze, msimwonee huruma ya kelele. Mwambieni kama nilivyokuwa namwambia. Mama ameenda soko. Ataelewa.

Halafu jioni, Fabiola... jioni wewe ingia na ndizi.